Maji ya Moto Bila Seredani Yako

Bibi yangu,

Nilizoea kukubusu mkono kwanza ndipo niseme la kusema. Sasa nimekaa na kalamu, sijui nianzie wapi, maana mkono wa kubusu sina. Basi nakusalimu kwa maandishi, nawe uniitikie huko uliko kwa namna mnavyoitikiana. Sisi hatujambo. Mama amejifungua salama, mtoto wa kiume. Hilo ningelitanguliza, lakini kila nikitaka kukupa habari moja, nyengine zote zinaifuata nyuma kama uzi uliofungana, na siwezi kuivuta moja peke yake.

Ningekuja kukwambia kaburini, ila wajua kwetu. Siku ya maziko wanaume walikubeba wakaenda, nasi wanawake tukabaki ndani tukisoma. Baba ameniambia umelala karibu na ukuta, upande wa kivuli. Mimi sijapaona. Halafu kuna sababu nyengine ya kuandika. Yote niliyokuwa nikikwambia, ya shule, ya marafiki, ya hofu zangu, nilikwambia alfajiri, wewe ukipanga makaa kwenye seredani na mimi nikipepea. Sasa seredani haiwashwi, na maneno hayana pa kutokea.

Kilichobadilika ni hiki: nyumba yetu ina maji ya moto yanayotoka kwenye mfereji. Wafungua tu. Hapana makaa, hapana sufuria kubwa yenye masizi, hapana mtu aliyeamka mapema kwa ajili yako. Yanapashwa na jua huko darini. Na mimi, Bibi, sijui kama nifurahi au nilie. Nimo katika kutojua huko tangu baada ya Idi, na nimechoka kuwamo peke yangu.

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Mara ya mwisho seredani yako kuwashwa ilikuwa siku uliyofariki. Maji ya kukuosha yalitakiwa yawe vuguvugu, na majani ya mkunazi yawe tayari, na wanawake walijaa uani kila mmoja akitoa amri. Bi Khadija wa mlango wa pili aliishika seredani ikamshinda, kwa sababu mguu mmoja wa seredani umelegea na usipojua kuuegemeza kwenye jiwe, yapinduka. Nikaiegemeza mimi. Nikapanga makaa kama ulivyonifundisha, makubwa chini, madogo juu, na katikati pa kupitia hewa. Nikapepea. Nililia huku napepea, na watu walidhani ni moshi, kwa hivyo hakuna aliyenibembeleza, na hilo lilinifaa.

Siku ya pili Baba aliitia seredani kwenye gunia akaisukuma chini ya ngazi. Akasema makaa hayataingia tena nyumba hii. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa nimesimama naye hospitali daktari alipozungumza. Daktari alisema mapafu yako yalikuwa yamechoka, na umri nao upo, na kwamba watu waliokaa na moshi wa makaa miaka mingi huweza kupata taabu kama yako. Alisema huweza. Nilisikia vizuri. Lakini Baba alipotoka pale alikuwa ameshakata shauri, na kwenye tuktuk alisema maneno haya tu: "Moshi umeniulia mama."

Tangu siku hiyo nina swali ambalo sijamuuliza mtu. Ikiwa ni moshi, basi ni moshi wa maji yetu. Ulikuwa ukitupashia sisi. Baba alioga kabla ya kwenda kazini Kilindini, mimi nikaoga kabla ya shule, Mama akaoga wa mwisho, na wewe ukaoga ya baridi. Nikikuuliza ulisema, "Mimi mwili wangu umezoea." Nilikuamini. Sasa nikilala nafikiri maji yale yote yaliyonishuka mgongoni yakiwa na joto zuri, na wewe uani ukikohoa na kusema ni vumbi tu la makaa. Sijui niyafikirie vipi. Nikiwaza kuwa hayakuhusu, naona kama nakudhulumu. Nikiwaza kuwa yalihusu, siwezi kula.

Baada ya Idi, Baba akaanza habari ya mtambo wa sola. Mwanzo aliulizia ile shawa ya stima, lakini wajua stima ya kwetu inavyokatika, na mwenzake wa ofisini ambaye nyumbani kwake wamefunga mtambo wa jua akampeleka akauona. Alirudi akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni kwake tangu utuache. Alituchorea kwenye karatasi ya unga. Alisema hauli makaa, na stima wagusa siku za mawingu tu, kidogo.

Siku ya kuuleta ungecheka, Bibi. Tangi lilikataa ngazi zetu. Mafundi walijaribu kulilaza, wakalisimamisha, wakaligeuza, likakwama pale kwenye kona ulipokuwa ukipumzika wewe. Mwisho wakalifunga kamba wakalivuta kwa nje, kutoka njiani mpaka darini, na njia yetu wajua ilivyo nyembamba, watu wote walisimama. Muuza kahawa aliweka dele lake chini akamwambia Baba, "Athmani, yakhe, hilo ni bomba la maji au ni roketi?" Bi Khadija akajibu kutoka dirishani, "Mwache, anataka kumfuata mamake kwa haraka." Watu wakamtazama Baba, naye mwenyewe akacheka, na wote wakacheka. Mimi sikujua kama inafaa kucheka. Nikatazama wenzangu, nikacheka nyuma yao.

Wameufunga upande wa nyuma, usionekane kutoka njiani, kwa sababu nyumba zetu za Mji wa Kale hazitakiwi kubadilishwa sura. Upo pale ulipokuwa ukianika tambi. Una mirija ya vioo, myeusi ndani, imelala kuelekea jua. Mwalimu wetu wa sayansi alitueleza: rangi nyeusi hunywa joto, maji yakipata joto huwa mepesi na kupanda yenyewe, ya baridi yakashuka kuchukua nafasi yao, na kazi hiyo haisukumwi na mtu wala mashine. Lile tangi la juu limefungwa vizuri lisipoteze joto. Ni kama chupa kubwa ya chai iliyolazwa. Nilipofikiria hivyo nilikuelewesha kichwani mwangu, na nikakuona ukitikisa kichwa ukisema, "Haya, na makoko yake?" Maana wewe hukuamini chakula kisicho na makoko chini ya sufuria.

Mama alinipa nioge wa kwanza. Nikafungua mfereji wa bafuni, maji yakaja baridi, yakaja vuguvugu, kisha yakaja moto kabisa. Nikasimama tu. Nilikuwa nikisubiri nisikie mlango ukigongwa na sauti yako, "Usiyamalize, babako hajaoga." Hapana aliyegonga. Nilitoka na kujikausha na hata sikumbuki kama nilijipaka sabuni.

Sasa nifike penye shida yenyewe.

Wakumbuka Mama alipokuwa na mimba changa, ulimwekea mkono tumboni ukasema, "Huyu nitamkanda mamake mimi, msinitafutie mtu." Umewakanda wazazi wa njia yetu yote. Mama aliniambia alivyonizaa mimi, ulimkanda kila alfajiri mpaka arubaini yake ikatimia, kwa maji ya moto yaliyochemka na majani ya mkwaju na mrehani, na kitambaa kilichokunjwa mara nne, ukimbonyeza tumbo na kiuno mpaka akahisi mifupa imerudi mahali pake. Alikuwa akikutegemea. Hakusema, lakini kadiri tumbo lilivyokua alikuwa akiitazama ile kona ya uani ilipokuwa seredani, halafu akaangalia pengine.

Basi Shangazi Zuhura akatoka Tononoka akaja kukaa nasi ili ashike mahali pako. Alikuja na majani kwenye kikapu, na la kwanza aliuliza, "Seredani ya mama iko wapi?"

Baba akamwambia hatuwashi makaa tena, maji ya moto yapo, afungue tu.

"Yamepashwa na nini?"

"Na jua."

"Jua halina mkono, Athmani. Mzazi hukandwa kwa maji yaliyosimamiwa na mtu. Hayo ya kwako yamejichemkia yenyewe huko juu, hayamjui hata anayeogeshwa."

"Dada, moto ni moto."

"Basi nawe ni mwanamume, wayajua wapi haya?"

Baba akasema polepole sana, "Nilimzika mama kwa sababu ya moto huo unaoutaka." Shangazi akamgeukia. Akasema, "Na mimi sikumzika? Yule alikuwa mama wa nani?" Akachukua kikapu chake akaingia chumbani kwako, akafunga mlango. Mama alikuwa amekaa pale, miguu imemvimba, akilia bila sauti. Mimi nilisimama na birika la chai mkononi sijui nimmiminie nani.

Bibi, ungekuwepo ungesema neno moja na wote wangetii. Mimi nilikuwa na mawazo mawili kichwani na yote niliyaona ya kweli. Sikutaka Mama avute moshi, na mtoto naye. Na sikutaka akose kukandwa kama ulivyoahidi. Nilitaka ahadi yako itimie bila moto wako, na sikujua kama jambo hilo laweza kuwa. Nilijiuliza vitu vya kipuuzi. Je, kilichokuwa kikiwaponya wale wanawake ni maji, au ni majani, au ni mikono yako, au ni kuwa mtu ameamka giza kwa ajili yao? Sikuwahi kukuuliza ulipokuwepo. Nilikuwa nikipepea tu na kukusimulia habari zangu.

Mama alijifungua siku ya Alhamisi. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo mimi ndiye niliyepeleka uji hospitali. Nilimwona mdogo wangu, amekunja ngumi kama mtu aliyenyimwa kitu. Mama alikuwa amechoka, akaniuliza sikioni, "Wamepatana?" Nikamwambia karibu watapatana. Ulikuwa uongo wa kumtuliza. Alitakiwa kurudi nyumbani Jumamosi.

Ijumaa nikapeleka uji tena. Niliporudi, Baba alikuwa bafuni akioga kwenda kuswali. Akatoka na kanzu yake nyeupe, amejipaka atari, na ndevuni mwake mna vijani. Vidogo vidogo, vya rangi ya kijani iliyofifia, viwili viwili. Nikamwambia, "Baba, una majani." Akajipapasa. Vyengine vilikuwa shingoni. Akarudi bafuni, nami nyuma yake, na pale sakafuni palikuwa na maji ya rangi ya chai na majani ya mkwaju yameziba tundu. Akafungua mfereji. Ukatema kidogo, ukakohoa, ukanyamaza.

Shangazi alikuwa jikoni akichambua mchele, hajainua kichwa.

Fundi akaja baada ya swala, mvua ikianza. Alipanda darini na Baba, nami nikafuata na mwavuli. Alifunua lile tangi la plastiki la maji baridi, ambalo ndilo linalolisha mtambo, akachungulia, akasema, "Mwenye nyumba, hapa mmeungia mchuzi?" Akatia mkono mpaka kwapani akavuta kitambaa kizito kinachochuruzika. Ilikuwa leso yako, Bibi. Ile ya zambarau yenye korosho nyeusi pembeni, uliyokuwa ukijifunga kiunoni ukiwa na kazi ya maji. Ilikuwa imefungwa kama bahasha, imejaa majani ya mkwaju na mrehani, na fundo limelegea, majani yametoka yakaenda na maji mpaka kwenye mabomba yote.

Shangazi, ambaye magoti yake yamuuma hata kupanda kitandani, alipanda ngazi zile zote peke yake nilipokuwa hospitali.

Nilidhani Baba atakasirika. Alishuka na leso ikimlowesha kanzu, akaiweka mezani mbele yake. Shangazi akafuta mikono yake ya unga wa mchele. Akasema, "Nilitaka mama awemo." Kisha akasema, "Yule mzazi anakuja kesho. Nimefikiri, kama moto hamuutaki, basi angalau maji yapite kwenye leso yake kabla ya kumfikia. Nimeifunga vizuri, wallahi. Sikujua kama maji ya huko juu yana nguvu ya kufungua fundo."

Baba alikaa. Nilimwona akiishika ncha ya leso na kuikamua polepole, tone kwa tone, sakafuni, kama hajui kuwa anaikamua. Halafu akasema, "Mimi nimeiondoa seredani ili nisimwone pale kila asubuhi." Alimwambia dadake lakini alikuwa akiitazama leso. Sikuwa nimelijua hilo. Nilidhani ni moshi tu. Nikatoka nikaenda kusimama kwenye ngazi, kwa sababu nilihisi yale si ya kusikilizwa na mtoto, na pale chini ya ngazi ndipo gunia lilipo. Niliuliza moyoni: kama aichukia, kwa nini hakuitupa?

Fundi alilazimika kumwaga maji yote na kuvuta majani kwenye mabomba kwa waya. Maji ya mjini siku hizo yalikuwa hayaji, tukanunua madumu ya mkokoteni, yakapandishwa moja moja. Mvua haikukatika. Jumamosi mchana Mama alipofika na mtoto amefunikwa shali, tangi lilikuwa limejaa maji baridi kama barafu, jua hamna, na stima nayo imekatika. Mama alikuwa akitetemeka kutoka kwenye tuktuk. Shangazi alimvua viatu akamlaza. Akatutazama mimi na Baba.

Baba akatoka. Nikasikia gunia likiburutwa. Akapita mlangoni ameibeba seredani yako kifuani, kanzu imeshika masizi, akaenda nayo mpaka uani chini ya bati, akaitua. Ikayumba. Akawa hajui kuwa yataka jiwe. Alichutama mbele yake na kibiriti mkononi, akatoa njiti, akairudisha.

Mimi ningemsaidia, Bibi. Jiwe nalijua lilipo. Lakini sikulifuata.

Shangazi ndiye aliyemwendea. Yule yule aliyegombania moto wiki nzima. Akamshika bega akasema, "Wacha, Athmani. Irudishe. Tutachemsha kwa gesi ya jikoni, kwa sufuria mbili. Maji ni maji." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe uliyekuwa naye kila alfajiri, umekaa wangoja nini? Mama alifanyaje?"

Bibi, nilikuwa nadhani sijui. Nikaweka sufuria mbili juu ya gesi. Nikatia majani yaliyobaki kikapuni, mkwaju kwanza, mrehani mwisho, kwa sababu wewe ulisema mrehani ukikaa sana harufu yake yakimbia. Maji yalipochemka nikayamimina beseni kubwa, nikayapunguza kwa ya baridi, nikatia kiwiko kupima joto. Sikupanga kutia kiwiko. Nilijikuta nimekitia, na nikajikuta nimesema Bismillahi kwa sauti yako ile ya kuvuta mwisho. Shangazi akanitazama, akageuza uso.

Leso yako ilikuwa haijakauka vizuri, na ina doa la rangi ya chai ambalo halitatoka. Tukaikunja mara nne. Nikawa naichovya na kuikamua, naye Shangazi akikanda, na alipochoka mikono akanipa mimi nibonyeze kiunoni, akinielekeza, "Shuka kidogo. Hapo. Usiogope, ni mamako, havunjiki." Mama alifumba macho. Alisema, "Tia moto zaidi." Baadaye alilia, na Shangazi alipomuuliza anaumwa wapi akasema haumwi, hajui analilia nini. Nikafurahi kuwa si mimi peke yangu nisiyejua.

Mvua ilikatika baada ya siku chache na mtambo ukaanza kazi yake. Mara ya kwanza Shangazi kufungua mfereji tangu mkasa ule aliweka kidole akakitoa mbio. "Astaghfirullah, hili jua lina hasira." Sasa tumepata utaratibu. Alfajiri maji hubaki na joto la jana, si kali, yatosha mtoto na sisi wa kuoga. Alasiri ndiyo yanakuwa moto wa kukandia, basi tumemhamishia Mama kukandwa kwake alasiri. Nayatoa mferejini, namimina kwenye sufuria yenye majani, nafunika, tunayaweka kwenye gesi kidogo tu mpaka harufu itoke. Shangazi alisema wewe usingekubali alasiri. Nikamwambia wewe ulikanda alfajiri ili Baba awahi kazini na maji yasigombaniwe, uliniambia mwenyewe. Alifikiri sana. Akasema, "Basi alikuwa na sababu. Nasi tuna yetu."

Na ungemsikia anavyojisifu kwa wageni wanaokuja kumwona mtoto. "Kwetu sisi maji yapashwa na jua, hayana masizi. Mwone mzazi wetu alivyong'aa." Bi Khadija amwambia, "Juzi si ulisema halina mkono?" Naye amjibu, "Mkono ni wangu, we kunywa chai."

Lakini bado nimechanganyikiwa, Bibi, na sitaki kukudanganya kuwa kila kitu kimetulia. Naamka alfajiri bado. Hakuna anayeniita. Nakaa kitandani nasubiri sauti ya makaa yakimwagwa, halafu nakumbuka. Sare yangu ya shule hainuki moshi tena. Kuna msichana alikuwa akiniambia, "Wewe wanukia kama mishkaki," na mimi nikichukia. Siku hizi hasemi, nami nikanusa mkono wa sweta langu nikitafuta harufu hiyo nikaikosa. Kiko kitu chengine. Mama alikuwa na kikohozi kile cha asubuhi, wakikumbuka? Kimekwisha. Baba amelitambua hilo, ameniambia, akifurahi kwa ajili ya mtoto. Mimi nilifurahi pia, kisha nikaogopa, kwa sababu kama cha Mama kimekwisha, basi chako nacho pengine kingekwisha. Mtambo huu ungekuja mapema ungemkuta mtu gani uani? Siendi mbali na swali hili. Nalizunguka tu.

Wakati mwengine nakumbuka ile jioni ulinipeleka Mama Ngina, pale ufuoni, tukala mihogo ya pilipili na ndimu, na upepo wa bahari ukikupiga usoni ukavuta pumzi ndefu mara kadhaa ukasema, "Hapa ndipo kifua changu hufunguka." Nilidhani ni furaha tu. Naikumbuka pumzi ile kuliko mihogo.

Seredani ipo chini ya ngazi. Baba aliirudisha mwenyewe, bila gunia. Hakuna anayeisema.

Naandika haya alasiri, maji yako kwenye gesi na mrehani nitautia sasa hivi. Mdogo wangu amelala juu ya leso yako. Doa limeangukia karibu na kichwa chake, na leo kwa mara ya kwanza hakukunja ngumi. Shangazi ananiita.

Basi kwaheri, Bibi yangu, kwa wakati huu. Mungu akupe hewa safi na nafasi pana. Ninakuahidi mambo mawili. La kwanza, nitajifunza kukanda mpaka mikono yangu ijue, ili mzazi atakayekuja nyumba hii asitafutiwe mtu. La pili ndilo gumu. Nitasoma hayo ya mapafu na moshi, na daktari nitamuuliza mwenyewe bila kumpitia Baba. Nikijua, nitamwomba Baba anifikishe hapo kwenye kivuli cha ukuta nikwambie, hata kama jibu ni lile nisilolitaka. Sitakuficha. Hukuwahi kunificha kitu, ila pale uliposema mwili wako umezoea ya baridi.

Mjukuu wako mpepeaji,
Rukia